Furushi la "Watu na Taasisi": tathmini ya duka la magazeti ya zamani Kariakoo

Duka ninalolitathmini hapa halina bango wala jina. Ni fremu nyembamba iliyobanwa kati ya muuza vitenge na fundi wa simu, upande wa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, na anayepita haraka atadhani ni stoo ya mmoja wa majirani hao. Bidhaa yake ni magazeti ya zamani. Mjini Dar es Salaam gazeti likishasomwa huuzwa kwa kilo: hununuliwa na wauza karanga, wauza maandazi, na mafundi wa gereji wanaofunika vioo vya magari kabla ya kupuliza rangi. Mwenye duka hili, mzee aliyewahi kufanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, huyawahi magazeti kabla hayajafika huko. Huyanunua kwa familia zinazogawana nyumba za urithi Ilala na Magomeni, kwa walimu wastaafu waliochoka kuyahamisha kila wanapohama, na katika miaka ya karibuni kwa watu waliofungasha kwenda Dodoma wakakuta lori halina nafasi ya makabati ya karatasi.

Anauza toleo zima kwa anayelitaka, anatoa kopi ya ukurasa mmoja mmoja, na anatengeneza mafurushi ya mada: mpira, mashairi, vita ya Kagera, bei za vyakula, matangazo ya biashara. Nililolinunua mimi lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "Watu na Taasisi", likauzwa shilingi 30,000 baada ya kupatana. Ndani yake mna vipande vingi vilivyokatwa kwa mkasi na kupangwa katika bahasha za kaki: tanzia, wasifu wa wakubwa waliokuwa wameteuliwa tu, tahariri kuhusu mashirika na idara, barua za wasomaji, na katuni. Nililitaka furushi hilo kwa sababu nimekuwa nikijiuliza waandishi wa habari wa zamani walifanyaje kazi ya kueleza tabia ya mtu au ya ofisi, kazi ambayo siku hizi tunaifanya ama kwa kumwaga sifa ama kwa kumwaga matusi.

Nitoe hukumu yangu mapema. Kama mkusanyiko wa kusoma, furushi hili lina thamani kuliko bei yake. Kama ushahidi wa namna waandishi walivyowaeleza watu na taasisi, limeharibiwa na mkasi, na nitaeleza kwa nini baada ya kusema yale yaliyonifurahisha.

Tanzia za miaka ya 50 hadi ya 80 zina mpangilio unaotabirika kama wa barua ya maombi ya kazi. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, au kwa kukisia tu katika kipindi cha vita vya kwanza, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akahamishwa, akastaafu, na ameacha mjane na watoto kadhaa. Tabia hutajwa mwishoni kabisa, tena kwa sifa zilizozoeleka: mpole, mcheshi, mchapakazi, hakuwa na makuu. Ukizisoma kadhaa mfululizo unapata hisia kwamba wote waliofariki nchini katika miaka hiyo walikuwa mtu mmoja. Hata hivyo mwandishi hodari, na walikuwapo wengi, alijua kupenyeza sentensi moja inayomtoa marehemu katika kundi hilo. Kipande kimoja kinamhusu stesheni masta wa Reli ya Kati. Baada ya aya tatu za vyeo na vituo alivyohamishiwa, mwandishi anaeleza kwamba mzee yule alikuwa akiandika kwa mkono wake katika daftari kila mzigo uliochelewa pamoja na sababu ya kuchelewa, na kwamba daftari lilikutwa mezani likiwa limefika siku iliyotangulia kifo chake. Haongezi neno. Hasemi kwamba marehemu alikuwa mwaminifu wala kwamba alikuwa mfano wa kuigwa, na wala hahitaji kusema, kwa sababu msomaji ameshauona uaminifu wenyewe umelala mezani.

Ninaamini huo ndio ufundi uliotupotea. Mwandishi wa leo ana nafasi kubwa zaidi, ana picha za rangi, anaweza kumpigia mjane simu na kumhoji, lakini anarudi na yale yale: alikuwa mtu wa watu. Mwandishi wa zamani alikuwa na safu nyembamba yenye urefu wa kiganja, na mhariri aliyekuwa akikata kutoka chini kwenda juu pale nafasi ilipobana, kwa hiyo alilazimika kuchagua tendo moja linalobeba mengine yote.

Taasisi zilielezwa kwa njia nyingine, na hapa barua za wasomaji zinazishinda tahariri kwa mbali. Tahariri inapozungumzia shirika la umma hutumia lugha ya mkutano: uzembe, urasimu, wajibu, nidhamu. Msomaji aliyeandika barua alikuwa amesimama kwenye foleni. Katika bahasha ya barua mna moja, kwa dalili zote ya kipindi cha uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 80, ambamo mwandishi anaeleza duka la serikali la mtaani kwake asubuhi moja ya mgawo wa sukari. Watu walipanga mawe, ndoo na kandambili kushika nafasi tangu alfajiri. Muuzaji alifika saa tatu, akayahesabu yale mawe kwa kidole kana kwamba ni wateja, akatangaza kwamba mgawo unatosha nusu yake, kisha akafungua mlango wa mbele baada ya mlango wa nyuma kuwa umeshafanya kazi. Hakuna hata neno moja la kulaani. Anauliza tu, kwa adabu iliyokamilika, kama mhariri anaweza kumsaidia kujua duka lile linafunguliwa saa ngapi kwa upande wa nyuma, ili naye awahi. Kwa barua hiyo ya mistari ishirini hivi ninalijua lile duka, na ninamjua mwendeshaji wake, kuliko ninavyoyajua mashirika mengine yaliyoandikiwa tahariri za kurasa nzima.

Sasa nije kwenye kasoro. Karibu kila kipande katika furushi kimekatwa vizuri sana, kwa mstari ulionyooka, na katika kukatwa huko kimepoteza jina la gazeti, tarehe, na vyote vilivyokuwa vimekizunguka ukurasani. Ile tanzia ya stesheni masta haina gazeti wala mwaka. Barua ya sukari nimeikisia kipindi kwa kuangalia tangazo la betri lililobaki upande wa nyuma. Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba maneno ni yale yale. Mimi nasema si dogo hata kidogo, kwa sababu katika nchi hii nusu ya maelezo ya tabia ya mtu gazetini ilikuwa ni jibu la swali moja: gazeti hili ni la nani?

Tazama historia yenyewe. Gazeti la Kiswahili lilianza mikononi mwa wamisionari. Msimulizi lilitolewa na misheni ya Kianglikana Unguja mwaka 1888, na mtu mwema katika kurasa za aina hiyo alikuwa kwanza mwanafunzi mwema na muumini mwema. Utawala wa Kijerumani ukawa na Kiongozi, lililochapwa Tanga katika shule ya serikali mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo akida na mwalimu walisomwa kwa macho ya aliyewaajiri. Waingereza walipokuja, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923, gazeti la kila mwezi lililochapishwa hapa Dar es Salaam na kusomwa kila pembe ya Tanganyika, lenye mashairi, maarifa ya kilimo na afya, na habari zilizotumwa na watu wa miji mbalimbali. Ninalipenda Mambo Leo kwa Kiswahili chake, ambacho hadi leo ni raha kukisoma kwa sauti. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na mtu anayesoma ndani yake sifa za chifu aliyewahamasisha watu wake kulima pamba au kulipa kodi bila matata anapaswa kukumbuka kwamba anayesifu na anayekusanya kodi ni nyumba moja.

Kisha mwaka 1937, tarehe 18 Novemba, Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka hapa Dar es Salaam, alianza kutoa Kwetu, gazeti lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Hapo ukurasa unabadilika. Mwenye gazeti ni mfanyabiashara mdogo, anayejua leseni inavyocheleweshwa na namna mwenye duka wa Kiafrika anavyozungushwa na ofisi. Ofisi ile ile ambayo katika gazeti la serikali ni mlezi, katika gazeti la mtu wa aina hii ni karani anayekuambia urudi kesho. Wakati huo huo Wazungu na wafanyabiashara wakubwa walikuwa na Tanganyika Standard, la Kiingereza, lililoanza mwaka 1930. Ukikata wasifu wa mtu mmoja kutoka magazeti hayo matatu, ukauondolea vichwa vya kurasa na kuuchanganya katika bahasha moja, utapata watu watatu wasiofahamiana.

Kwamba kueleza tabia ya ofisa hakukuwa mchezo wa maneno, kesi ya mwaka 1958 inatosha kuonyesha. Julius Nyerere aliandika katika jarida la chama, Sauti ya TANU, makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili wa Kiingereza kwa namna walivyokuwa wakitumia madaraka yao. Alishtakiwa kwa kashfa ya jinai, akatetewa na wakili maarufu kutoka London, D. N. Pritt, akatiwa hatiani, na kupewa hiari ya kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Alilipa. Ninachokiona mimi katika kesi hiyo, nikiisoma kama msomaji wa wasifu, ni kwamba serikali ilielewa vizuri kuliko sisi tunavyoelewa leo uhusiano wa mtu na taasisi: mkuu wa wilaya alipoelezwa kuwa mwonevu, kilichokuwa kimeelezwa ni ukoloni wenyewe, na ndiyo maana ukoloni wenyewe ndio uliokwenda mahakamani.

Baada ya uhuru mambo hayakuwa mepesi zaidi, yalibadilika tu mwelekeo. Uhuru, gazeti la chama lililoanza mwaka 1961, lilimweleza mtu kwa mizani ya taifa: ni mjenga nchi au ni mnyonyaji? Kamusi ya tabia ikajaa kupe, mirija, makabaila na mabwanyenye, na msomaji aliyeuona mchoro wa mtu mwenye kitambi hakuhitaji kusoma maelezo chini yake. Ulikuwa uandishi wenye nguvu, lakini uliwaeleza watu kwa mafungu, na mtu aliyeingia katika fungu alipoteza daftari lake la mizigo iliyochelewa, kama alikuwa nalo. Pembeni yake kulikuwa na Ngurumo, gazeti la watu binafsi lililotoka mwaka 1959 hadi 1976, la bei ndogo na la mitaani hasa, ambalo lilimtazama mkazi wa Dar es Salaam kwa jicho la kibarazani zaidi kuliko la jukwaani. Nina hakika kwamba baadhi ya vipande vilivyonichekesha zaidi katika furushi vimetoka humo, kwa herufi zake na kwa utani wake, lakini hakika ya namna hiyo haiwezi kuandikwa katika kazi ya kitaaluma.

Tarehe 5 Februari 1970, siku ya maadhimisho ya Azimio la Arusha, serikali ililitaifisha lile la Standard, na Rais Nyerere akatoa tamko kwamba litaunga mkono ujamaa lakini litakuwa huru kuwakosoa viongozi mmoja mmoja kwa matendo yao. Mhariri aliyepewa kazi hiyo, Frene Ginwala wa Afrika Kusini, hakumaliza miaka miwili. Mwaka 1971 gazeti liliandika tahariri kali dhidi ya Rais Numeiri wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti baada ya jaribio la mapinduzi, na Ginwala akaondolewa. Mwaka uliofuata Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la Kiingereza la chama, kuwa Daily News, chini ya Benjamin Mkapa. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ikampa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa maslahi ya umma. Mwandishi aliyekaa kwenye taipureta katika mazingira hayo alijua mipaka yake kwa inchi, na ninaposoma tanzia yenye sentensi moja tu iliyo hai ninashuku kwamba mara nyingine ile sentensi moja ndiyo iliyokuwa imebaki salama kuandikwa. Bila jina la gazeti na bila tarehe, shuku hiyo haina pa kukanyaga.

Bahasha ya katuni imenusurika kwa kiasi, kwa kuwa mchoraji hutambulika kwa mkono wake. Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, hahitaji kichwa cha ukurasa. Huyu ndiye wasifu mrefu kuliko wote ulioandikwa na magazeti yetu: mtu wa kawaida asiye na cheo ambaye tabia yake ilielezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa namna alivyozungumza na mkewe, rafiki yake, dereva wa basi na ofisa wa serikali. Viongozi waliandikiwa wasifu walipoteuliwa na walipokufa. Chakubanga aliandikiwa katikati, ambako maisha huwa yapo. Kama mwenye duka angetengeneza furushi la katuni peke yake ningelinunua bila kupatana bei.

Kuna mfano wa mbali ambao nimekuwa nikiulinganisha na bahasha hizi. Ida Tarbell wa Marekani aliandika kati ya mwaka 1902 na 1904, katika jarida la McClure's, mfululizo wa makala kuhusu kampuni ya mafuta ya Standard Oil, akitumia hati za mahakama na ushahidi uliotolewa mbele ya kamati za uchunguzi. Mwaka 1905 ndipo alipoandika makala za tabia ya mwenye kampuni, John D. Rockefeller. Kwanza taasisi, kwa nyaraka, kisha mtu. Sikubaliani na kila alichosema kuhusu sura ya yule mzee, maana uso wa mtu si ushahidi, lakini utaratibu wake naukubali. Katika furushi langu utaratibu ni kinyume: shirika linaelezwa kwa meneja wake. Meneja mkali, shirika zuri. Meneja akihamishwa, shirika linasahaulika. Vitabu vya hesabu vya shirika lenyewe hakuna aliyevigusa, na nadhani hilo lilitokana zaidi na kilichoruhusiwa kufunguliwa kuliko uvivu wa waandishi.

Ajabu ni kwamba kitu bora kabisa katika ununuzi wangu kilikuwa kile ambacho mkasi haukukigusa. Chini ya bahasha kulikuwa na toleo zima la Aprili 1984, la siku zilizofuata ajali ya gari iliyomuua Waziri Mkuu Edward Sokoine mkoani Morogoro tarehe 12 ya mwezi huo. Lilikuwa limekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi. Bila shaka kuna mtu aliyelitunza kwa majonzi, ndiyo maana mwenye duka hakuthubutu kulikata. Ukisoma wasifu wa marehemu peke yake unapata zile sifa za kawaida, ukali dhidi ya rushwa na bidii ya kazi, zilizoandikwa kwa uchungu wa kweli. Ukisoma gazeti zima unapata zaidi. Kurasa za ndani zimejaa salamu za rambirambi za mashirika ya umma, kila moja ndani ya fremu nyeusi, na kila moja ikimsifu kiongozi ambaye mwaka mmoja kabla, katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983, alikuwa amezikosesha usingizi ofisi nyingi za namna hiyo hiyo. Mwandishi hakuyaweka pamoja mambo hayo mawili kwa makusudi. Ukurasa ndio uliyaweka, na ukurasa ulimweleza Sokoine na mashirika kwa pamoja, kwa namna ambayo hakuna kipande kilichokatwa kingeweza kufanya.

Magazeti ya watu binafsi yaliyofuata baada ya kuruhusiwa kwa vyama vingi mwaka 1992, Rai la mwaka 1993 likiwa mojawapo ya yaliyosikika zaidi, yanawakilishwa kwa vipande vichache tu, vingi vya hasira. Sina la kusema juu yake hapa isipokuwa kwamba msomaji anayekitaka kipindi hicho asinunue furushi. Aombe matoleo mazima, ambayo dukani yapo tele na ni ya bei nafuu.

Kuhusu huduma yenyewe. Mwenye duka ni muungwana, anakumbuka kila alichonacho bila daftari, na ukimtajia mwaka atakuuliza mwezi. Kopi zake ni safi kwa karatasi zilizo katika hali nzuri, lakini zile za miaka ya 40 na 50, ambazo zimegeuka rangi ya chai, hutoka nyeusi pembeni na mistari ya mwisho haisomeki. Afadhali kuomba ruhusa ya kupiga picha kwa simu mlangoni penye mwanga, na hakatai. Vumbi ni jingi na hewa ni kidogo. Stakabadhi hupati mpaka udai, na ukidai utaandikiwa kwa mkono. Malipo ya simu anayapokea kupitia kwa fundi jirani, jambo linalochukua muda. Anayefanya utafiti na anahitaji kumbukumbu zenye mpangilio na uhakika wa tarehe ana njia nyingine: mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, au Nyaraka za Taifa, ambako gazeti huwezi kulibeba kwenda nalo nyumbani lakini utalikuta likiwa na kichwa chake.

Nilimweleza mzee malalamiko yangu kuhusu mkasi. Hakukasirika. "Mwalimu," alisema, ingawa sijawahi kufundisha, "mteja anataka habari ya babu yake, hataki bei ya mafuta ya taa." Nikamjibu, "Mzee wangu, bei ya mafuta ya taa ndiyo itakayomwambia babu yake alikuwa akiishi katika dunia gani." Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba kukata kunapunguza uzito na kunamwezesha kuuza kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na hoja hiyo ni ya kweli, toleo zima la kabla ya uhuru anauza shilingi 20,000 na kwenda juu, na furushi la matoleo mazima lingemshinda mnunuzi wa kawaida.

Tulichokubaliana ni cha katikati. Kwa mteja atakayeagiza mapema, atatoa kopi ya ukurasa mzima badala ya kukata, ataandika kwa penseli nyuma yake jina la gazeti na tarehe, na atatoza shilingi 10,000 juu ya bei ya furushi. Furushi la "Watu na Taasisi" lililo rafuni kwa sasa bado ni la mkasi, kwa hiyo anayelitaka kwa ajili ya kusoma tu alinunue kama lilivyo na aanze na bahasha ya barua. Anayelitaka kwa kuandika, aagize. Duka hufunguliwa baada ya saa nne asubuhi, Jumapili hufungwa, na Ijumaa mchana mzee huwa msikitini hadi saa nane.